Msimulizi wako alikuwa amesimama wapi?

Miswada mingi ya hadithi za upelelezi inayopita mezani kwangu ina kasoro moja: mwandishi anaijua siri, msimulizi anaijua, na msomaji peke yake ndiye anayefichwa. "Aliisoma ile barua, akashtuka, akaikunja na kuitia mfukoni." Barua inasemaje? Subiri ukurasa wa mwisho. Sasa kama tangu mwanzo tumekaa ndani ya kichwa cha mhusika huyo, tukaijua njaa yake na jino linalomuuma, kwa nini tuzibwe macho kwenye barua tu? Msomaji huona anachezewa, na ana haki.

Kwangu mimi, fumbo zuri hulindwa na mahali msimulizi aliposimama. Nitaeleza kwa hadithi za wengine, na natahadharisha mapema kwamba nataja miisho yake.

Arthur Conan Doyle aliandika hadithi fupi 56 za mpelelezi Sherlock Holmes, na karibu zote zinasimuliwa na rafiki yake, Dakta Watson. Wengi hudhani Watson kawekwa pale ili Holmes aonekane ana akili. Kazi yake hasa ni kubwa kuliko hiyo. Watson yumo chumbani, anamwona mgeni, anatueleza alichokiona, na bado tunabaki gizani kwa kuwa yeye mwenyewe yuko gizani. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, naye hakuachwa peke yake, ana mwenzake Najum.

Mwaka 1926 Doyle alijaribu kumweka Watson kando. Katika "The Adventure of the Blanched Soldier", Holmes anashika kalamu mwenyewe. Kijana aliyepigana vita vya Makaburu Afrika Kusini anamtafuta mwenzake wa vitani; familia inadai jamaa kaenda kuzunguka dunia, lakini usiku mmoja kijana anauona uso wa mwenzake huyo dirishani, mweupe isivyo kawaida. Holmes anashuku ukoma mapema, nasi tumo kichwani mwake, kwa hiyo tulipaswa kushuku pamoja naye. Haiwi hivyo. Wakiwa njiani kwenda kwenye nyumba ile wanampakia bwana mmoja mkimya. Holmes anamwambia mteja wake kwamba ni rafiki wa zamani, kisha anamgeukia msomaji na kujitetea kuwa si desturi yake kumwaga mawazo wakati kesi inaendelea. Mwishoni ndipo tunaambiwa kwamba yule bwana ni bingwa wa magonjwa ya ngozi. Ni ile ile barua ya mfukoni! Ndani ya hadithi hiyo Holmes analalamika kwamba anamkosa Watson, na hapo namwamini kabisa.

Aliyenifundisha zaidi ni William Faulkner, kwa hadithi fupi yake "A Rose for Emily" ya mwaka 1930. Msimulizi wake ni "sisi", yaani mji mzima wa kubuni wa Jefferson, kusini mwa Marekani. Aliyekulia uswahilini ataitambua sauti hiyo mara moja: inajua nani kaingia kwa nani na saa ngapi, ila yenyewe imebaki nje ya mlango. Mji unamwona Bi Emily akitembea kwenye gari la farasi na Homer Barron, msimamizi wa vibarua wa barabara. Unamwona akinunua sumu ya aseniki na kukataa kusema ni ya nini, hadi muuza dawa anaandika juu ya boksi kwamba ni ya panya. Jioni moja Homer anaonekana akiingizwa kwa mlango wa jikoni. Harufu mbaya inatokea, na wanaume wanne wananyemelea usiku kunyunyiza chokaa. Yote tunaambiwa. Lakini mji una jibu la kila kitu: kanunua sumu, basi atajiua, Homer haonekani, basi kamkimbia, kunanuka, basi mtumishi kaua nyoka au panya uani. Na nani atamwambia bibi wa heshima kwamba kwake kunanuka? Kunamwagwa chokaa, mambo yanaisha. Emily anapokufa akiwa mzee, ndipo mlango wa ghorofani unavunjwa na maiti ya Homer inakutwa kitandani.

Angalia na mpangilio. Habari ya harufu inakuja kabla ya habari ya sumu, ingawa sumu ndiyo iliyotangulia. Mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma katika kusimulia, hapa haionekani kama ujanja, kwa sababu watu wakipiga soga hawafuati kalenda: kisa cha kodi ya nyumba kinawakumbusha harufu, harufu inawapeleka kwa marehemu baba yake. Utasema mji ulikwishajua yote ulipoanza kusimulia. Kweli, ila unasimulia ulichokiamini wakati ule, na umbea haukiri haraka kwamba ulikosea. Msimulizi maizi, anayeingia kila chumba, angelazimika kuifungua siri mapema au kudanganya.

Mjapani Ryunosuke Akutagawa, mwaka 1922, katika hadithi fupi ijulikanayo kwa Kiingereza kama "In a Grove", alitupa ushahidi wa watu saba kuhusu kifo kimoja, bila msimulizi mkuu, na watatu kati yao, marehemu akiwemo, kila mmoja anadai yeye ndiye aliyetoa ile roho. Waandishi chipukizi huiiga sana. Huwa nawazuia, maana kila shahidi anahitaji sababu yake ya kusema uongo, na kurasa ni chache.

Sisi wa Kiswahili tuna silaha ambayo Doyle hakuwa nayo. "Alifungua mlango, akazima taa, akatoka." Mwanamume au mwanamke? Sarufi haidai, na msimulizi hajadanganya. Lakini silaha hiyo inafaa kwa mbali tu. Msimulizi akiwa chumba kimoja na muuaji, kiasi cha kuisikia pumzi yake, msomaji atataka kujua ni kanzu au gauni. Mhamishie nyumba ya jirani, ghorofa ya pili, umeme umekatika. Hapo hata polisi wakimhoji atasema "mtu", nasi tutamwelewa.