Bwawa la kuogelea uani: pima maji ya ardhini kabla ya kukubaliana bei

Mwenye nyumba wa Mbezi Beach, Mikocheni au Kigamboni, jijini Dar es Salaam, anayetaka bwawa la kuogelea uani huanza na bei. Fundi anakuja, anapima eneo kwa hatua, anataja kiasi na kuomba advansi ya saruji na nondo. Sisi tunaokagua ujenzi tunaanza na swali jingine: chini hapo, maji yako umbali gani, hasa mwezi wa nne masika yakiwa yamekolea? Asiyejua jibu hana msingi wa kutaja bei.

Chukua bwawa la kawaida la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.4. Linabeba kama lita 45,000, na likiwa limejaa, uzito wa maji hayo unalituliza. Hatari huja siku linapokaushwa ili lisafishwe. Sakafu na kuta za zege zenye unene wa sentimita 20 zina uzito wa takriban tani 34. Maji ya ardhini yakipanda mita 1 tu juu ya kitako cha sakafu, yanalisukuma bwawa hilo tupu kwa nguvu ya kama tani 37. Uzito wake peke yake hautoshi kulishikilia. Linaweza kuinuka, mabomba yakakatika na sakafu ikapasuka, na hakuna ukarabati wa bei nafuu kwa hasara hiyo.

Kwa hiyo chimba shimo la majaribio pale pale bwawa litakapokaa. Lipite kina cha sakafu kwa nusu mita, lifunikwe vizuri mtu asitumbukie, liachwe hadi kesho yake, kisha upime maji yamesimama wapi. Ukichimba wakati wa kiangazi, waulize majirani wenye visima maji hupanda hadi wapi wakati wa masika. Maji yakiwa karibu, mhandisi ana njia kadhaa: kuinua sehemu ya bwawa juu ya ardhi, kuongeza unene wa sakafu, au kutandika kokoto chini yake na kuweka vali inayopitisha maji ya ardhini kabla hayajalisukuma bwawa. Kila njia ina gharama yake, ndiyo maana bei iliyotajwa kabla ya shimo ni ya kubahatisha.

Yaonje pia hayo maji. Maeneo mengi ya karibu na bahari yana visima vya chumvi, na chumvi ndani ya zege hula nondo kimya kimya kwa miaka. Maji hayo na mchanga wa ufukweni visiguse mchanganyiko. Na kama kiwanja chako kiko ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Ramani ya bwawa ipelekwe manispaa kuombewa kibali kabla ya jembe la kwanza.

Sasa, nani ajenge? Mafundi wetu wa mtaani tunawaheshimu, na wengi wao hufunga nondo kwa ustadi mkubwa. Lakini bwawa lazima lishike maji ndani huku likisukumwa na maji ya nje, na hesabu hiyo inataka mchoro wa mhandisi na mtu wa kuwajibika kisheria. Mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Chukua namba yake ya usajili na uihakiki kwa Bodi yenyewe. Nakala ya cheti kwenye simu haitoshi. Kwa kazi ya uani huhitaji kampuni ya daraja la kwanza. Unahitaji mtu aliyewahi kujenga mabwawa, akupeleke kwenye lile alilolimaliza miaka miwili iliyopita, siyo la mwezi jana. Ukifika, mwulize mwenye nyumba huongeza maji mara ngapi kwa wiki.

Mkataba uandikwe, na malipo yafuate hatua za kazi. Nondo zikaguliwe na mhandisi kabla zege halijamwagwa, na zege limwagiliwe maji kwa siku saba au zaidi. Fungu kubwa libakizwe hadi jaribio la kuvuja, ambalo hufanyika kabla ya vigae. Bwawa linajazwa na kuachwa siku chache zege linywe. Kisha ndoo yenye maji inawekwa kwenye ngazi ya kwanza, ikiwa imezama nusu, na usawa wa maji unawekewa alama ndani ya ndoo na kwenye ukuta wa bwawa. Baada ya saa 24, maji ya ndoo yatakuwa yamepungua kwa jua na upepo tu. Bwawa likipungua kuliko ndoo, linavuja, na vigae visiwekwe. Andikeni mapema nani atalipia maji ya jaribio, maana hayo ni maboza matano ya lita 10,000.

Jambo tusilokubali lipunguzwe ili kuokoa fedha ni uzio wa bwawa lenyewe. Ukuta wa kiwanja unazuia watoto wa nje, wakati mtoto aliye hatarini zaidi ni yule anayetoka sebuleni mama akiwa jikoni. Uzio uzunguke pande zote nne, ukiwemo upande wa nyumba, uwe na urefu wa angalau mita 1.2, na geti lake lijifunge lenyewe kwa komeo ambalo mtoto halifikii. Umeme ufungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji: taa za majini za volti 12, na swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja kwa miliampia 30.

Siku ya kukabidhiwa, dai mchoro wa mabomba yalivyolazwa na uonyeshwe kupima maji mwenyewe: klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH (kipimo cha ukali wa asidi) kati ya 7.2 na 7.8. Asidi na klorini visichanganywe wala kuhifadhiwa pamoja, kwani vikikutana hutoa gesi ya sumu. Ukisafiri, pampu isizimwe kwa wiki kadhaa. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu huhitaji siku saba hadi kumi tu za maji yaliyotuama kutoka yai hadi kuruka.