Je, wajua kwa nini suke la mtama humsubiri mvunaji?

Ukipita Hombolo, Bahi au Chamwino mwezi wa sita, utakuta mashamba ya mtama yamekauka kabisa. Mvua ilishakatika, majani yamekunjamana, upepo wa Dodoma unavuma mchana kutwa, na bado masuke yamesimama na punje zake. Mwenye shamba anaweza kung'oa karanga kwanza, akahudhuria na msiba wa jirani, ndipo arudi kukata mtama wake. Kwa nini punje hizo hazipukutiki?

Mtama ni wa jamii ya nyasi, na nyasi za porini hazina subira hiyo. Punje ni mbegu, na kazi ya mbegu ni kufika ardhini. Nyasi inayong'ang'ania mbegu zake juu ya bua baada ya kukomaa inawaandalia ndege karamu na kujinyima uzao. Kwa mmea wa porini, tabia hiyo tunayoisifu shambani ni hasara tupu.

Chukua suke kavu ulitazame kwa karibu. Punje imeshikwa na maganda mawili magumu, na chini ya maganda hayo kuna kikonyo chembamba kinachoishikiza kwenye tawi la suke. Kwenye mtama pori, pale chini ya maganda hujengeka tabaka la seli dhaifu. Punje ikikomaa, seli hizo huachana, na punje hudondoka pamoja na maganda yake kwa kuguswa na upepo tu. Pale ilipoachia hubaki kovu laini, kana kwamba pamekatwa kwa wembe. Mtama tunaolima hauna tabaka hilo la kuachia. Ndiyo maana lazima tuupure kwa fimbo, na kikonyo kinapokatika huchanika na kuacha ncha yenye nyuzinyuzi.

Tofauti hiyo ya kovu laini na ncha iliyochanika ndiyo iliyotufikisha kwenye chimbuko la zao lenyewe. Mashariki mwa Sudan, katika eneo la Butana karibu na mji wa Kassala, wafinyanzi wa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita walikuwa wakichanganya makapi ya mtama kwenye udongo wa vyungu. Vyungu vilipochomwa, makapi yaliungua lakini alama zake zikabaki ndani ya vigae. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulizichunguza alama hizo kwa hadubini na kukuta aina zote mbili: vikonyo vyenye kovu laini na vikonyo vilivyochanika. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzuri mno, kwa sababu unatuonyesha mmea ukiwa bado njiani, nusu wa porini na nusu wa shambani.

Lakini kula mtama peke yake hakuubadilishi. Huko Nabta Playa, kusini mwa Misri, watu walikuwa wakila mtama pori yapata miaka 8,000 iliyopita, nao ukabaki kuwa wa porini. Kilicholeta mabadiliko ni namna ya kuvuna, pamoja na kupanda tena. Ukikinga kikapu chini ya masuke na kuyapigapiga, unapata zile punje zinazodondoka kwa urahisi, na zinazong'ang'ania unaziacha. Ukikata suke zima kwa kisu au mundu, mambo yanageuka: zile rahisi zinamwagika kabla hujafika nyumbani, na ghalani zinaingia zaidi zile zilizoshika. Mwakani unapanda kutoka ghalani. Rudia hivyo kizazi baada ya kizazi, na shamba zima litakuwa la mtama unaosubiri, hata kama hakuna mtu aliyekusudia iwe hivyo. Mwaka 2012 wanasayansi walitambua jeni inayohusika, wakakuta imeharibika kwa njia tatu tofauti katika aina mbalimbali za mtama. Tabia hii basi haikupatikana mara moja tu, mahali pamoja.

Anayetaka kuona zao ambalo halikufika huko, atazame ufuta, ambao nao unalimwa humu Dodoma. Vitumba vyake vikikauka hupasuka na kumwaga mbegu, kwa hiyo mkulima huukata ungali na ukijani, akaufunga mafungu, akayasimamisha yakauke na kuyakung'utia juu ya turubai. Ukichelewa siku chache, mavuno yako yako ardhini.

Mtama ulipoteza jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni usingizi. Mbegu nyingi za porini hazioti zote kwa pamoja hata zikipata maji. Baadhi hulala udongoni zikingoja msimu mwingine, ili mvua ya kudanganya isiziangamize zote. Kwa mkulima, mbegu inayolala ni mbegu iliyopotea, kwa hiyo iliyoota mara moja ndiyo iliyovunwa na kupandwa tena. Matokeo yake unayaona jikoni kila mtu anapotengeneza kimea. Unaloweka mtama, unaufunika, na baada ya siku chache karibu punje zote zimechipua kwa pamoja. Unauanika, unausaga, na unga wake unakwenda kwenye togwa au pombe. Kwa punje za porini, zinazoota moja leo na nyingine msimu ujao, kimea cha namna hiyo kingekuwa kazi ngumu sana. Hasara yake ni kwamba mvua ikinyesha mtama ukiwa umekomaa, punje zinaweza kuchipua zikiwa bado kwenye suke. Dodoma, yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, inatuepusha na balaa hilo miaka mingi.

Ndege ni suala jingine. Suke lisilopukutika ni chakula kilichotengwa mezani, na kwelea kwelea wanalijua hilo. Aina nyingi nyekundu au za kahawia zina tanini, ile inayokausha ulimi, na ndege huzikwepa kama kuna kingine cha kula. Mtama mweupe, kama aina ya Macia, unatoa ugali mtamu zaidi, lakini lazima mtu ashinde shambani akiamia ndege.

Mtama pori wenyewe haujaondoka. Unaota pembezoni mwa mashamba na kando ya mitaro, na kwa kuwa ni ndugu wa damu na mtama wa shambani, chavua huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Machotara wao hujitokeza katikati ya mistari yakiwa na masuke yaliyotawanyika na punje ndogo zinazodondoka mapema, halafu zinaota zenyewe msimu unaofuata. Ukiyaona, yang'oe kabla hayajachanua. Na masuke ya mbegu, yale unayotundika juu ya moshi wa jikoni, yachague katikati ya shamba, mbali na kingo, ukiyatikisa kwanza kuona kama yanashika.