Nairobi ya Hadithi na Nairobi Yenyewe

Mwenyeji wa Nairobi hakosi jibu. Muulize chochote kuhusu mji huu, atanyoosha kidole na kukupa hadithi kamili, hata kama aliisikia jana ndani ya matatu. Nami ni mmoja wao. Nimewatembeza ndugu na jamaa wengi wanaotoka mashambani, na uongo mwingi niliowalisha niliuokota kwa wenyeji wenzangu. Haya hapa ni baadhi ya yale niliyolazimika kuyameza tena.

"Bendera ya Kenya ilipandishwa kwanza Uhuru Park."

Hili ndilo linaloongoza, na jina ndilo limeliponza. Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, bendera ya Mwingereza iliteremshwa na yetu ikapanda Uhuru Gardens, kule kando ya Langata Road. Mahali penyewe palipandwa mti wa mugumo. Uhuru Park, ile iliyo hatua chache kutoka katikati ya mji, Mzee Kenyatta aliifungua mwaka 1969, miaka mitano na zaidi baada ya sherehe.

Lakini Uhuru Park haina haja ya kuazima historia ya jirani. Mwaka 1989 serikali ilitaka kusimamisha pale jengo la ghorofa 60, na Wangari Maathai akalipinga kwa barua na kelele mpaka mpango ukafa. Matusi aliyotukanwa kwa ajili ya nyasi zile hayakuwa haba. Na 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilizinduliwa papo hapo mbele ya umati. Ukimpeleka mgeni, mpe hizo mbili, zinatosha.

"KICC, jumba la mikutano la Kenyatta, ndilo jengo refu kuliko yote."

Lilikuwa. Lilikamilika mwaka 1973 likiwa na mita 105 hivi, na awali lilikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU. Times Tower ililipita tangu zamani, na siku hizi minara ya Upper Hill inalitazama kwa juu. Bado ndilo ningekuambia upande, kwa sababu ukiwa juu ya paa lake unauona mji wote na mbuga pembeni mwake.

"Ubalozi wa Marekani ndio ulioporomoka 7 Agosti 1998."

Siku hiyo bomu la magaidi lililipuka pale. Bustani ya kumbukumbu, penye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, ni kweli imesimama ulipokuwa ubalozi. Ila jengo lililoanguka chini kabisa lilikuwa Ufundi House, jirani yake. Ubalozi uliharibiwa vibaya lakini ulibaki umesimama. Nairobi ilipoteza watu 213, na wengi mno walikuwa Wakenya waliokuwa kazini au wapita njia. Simama mbele ya ukuta wenye majina, usome taratibu. Utayaona majina ya kila pembe ya nchi.

"Wanyama wa mbuga ya Nairobi wamefungiwa tu, kama bustani ya wanyama."

Mbuga ilitangazwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, na ina kilomita za mraba 117. Ua upo pande tatu, zile zinazotazama mji. Upande wa kusini uko wazi: Mto Mbagathi ndio mpaka, na pundamilia na nyumbu huvuka kwenda tambarare za Kitengela na kurudi. Taabu ya mbuga hii ni kwamba hiyo njia ya kusini inazidi kubanwa na viwanja na nyua za watu.

Na ukija kutafuta ndovu, umekosea mlango. Vifaru wapo, simba wapo, ndovu wa porini hakuna. Wale wadogo wanaogaagaa kwenye matope mbele ya wageni saa tano asubuhi ni yatima wa kituo cha Sheldrick, pembeni mwa mbuga. Wakikua hupelekwa upande wa Tsavo wajifunze pori.

Twiga nao wanatuchanganya. Wale wanaolishwa kwa mkono pale Giraffe Centre ni wa Rothschild: chini ya goti miguu haina doa, kama wamevaa soksi nyeupe. Wa mbugani ni wa Kimasai, madoa yao yamechanikachanika kama majani, yanashuka karibu na kwato. Waangalie miguu kwanza.

"Behewa la Makumbusho ya Reli ndimo simba wa Tsavo walimomla mzungu."

Hapa hadithi mbili zimeshonwa pamoja. Simba wawili wa Tsavo walikula wajenzi wa reli na Patterson, mhandisi wa daraja la reli pale, akawaua Desemba 1898. Aliwatumia kama mazulia ya sakafuni kwa takriban miaka 25 kabla ya kuwauza, na sasa wako kwenye makumbusho Chicago.

Kisa cha behewa la Nairobi ni cha mwaka 1900, na simba ni mwingine kabisa. Afisa wa polisi Charles Ryall alikwenda kumvizia simba aliyesumbua stesheni ya Kima akiwa na wenzake wawili. Waliegesha behewa kando ya njia, Ryall akashika zamu, usingizi ukamshinda. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, behewa likainama kwa uzito wake na mlango ukajifunga nyuma yake. Akatoka na Ryall kwa dirishani. (Kwamba stesheni iliitwa Kima, msomaji wa Kiswahili atajizuia mwenyewe asicheke.) Ukifika, angalia udogo wa dirisha lile.

"Yule ndovu wa Makumbusho ya Taifa ni Ahmed aliyekaushwa."

Yule wa uani ni mfano wa faiba. Ahmed wa Marsabit, aliyelindwa kwa amri ya Rais tangu 1970 na kuzungukwa na askari wenye bunduki usiku na mchana, alijifia mwaka 1974. Mifupa yake halisi iko ndani. Wengi hupiga picha na faiba, kisha wakaenda zao bila kuingia.