Slaidi moja, madaktari wawili: mbona ripoti za saratani ya kinywa hazifanani?

Juzi kaja bwana mmoja maabara na ripoti mbili za ulimi wa mkewe, hasira tupu. Moja imeandika daraja la pili, nyengine daraja la tatu, na kinyama ni kile kile kimoja. "Daktari, yupi muongo hapa?"

Nikamuuliza kwao wapi, akasema Wete, Pemba. Basi karafuu anazijua. Ukipeleka gunia kituoni mizani haina ubishi, kilo ni kilo, ugomvi unakuja kwenye daraja maana hapo ndo jicho linapoingia, huyu anaona rangi imekaa sawa, yule anaona mpeta na makonyo yamezidi. Wote wanaona gunia moja na hakuna muongo.

Na sie wa patholojia, tunaosoma vinyama vya wagonjwa, ndo hivyo hivyo. Kinyama kinalowekwa fomalini, kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba mno, maikroni 4 hivi, kinatiwa rangi juu ya kioo (ndo slaidi yenyewe), halafu mtu anakaa na hadubini yake. Kuna vitu tunavipima kwa rula, kama kina, yaani saratani imezama milimita ngapi kuanzia usawa wa ngozi salama ya pembeni. Hapo madaktari wengi hukaribiana. Ila tunavyotazama kwa jicho tu, daraja, yaani seli zimeacha umbo lake la kawaida kiasi gani, au namna saratani inavyosambaa, imesukuma kama ukuta au imetawanyika seli mojamoja kama siafu, hapo kila mtu na lake. Mie mwenyewe niliwahi kuzisoma tena slaidi zangu za zamani, majina yamefunikwa, nikajipinga mwenyewe kwa kadhaa, na moja ilikuwa na mshipa wa fahamu ulioingiwa na saratani pembezoni kabisa mwa slaidi, sikuuona mara ya kwanza. Iliniuma.

Hata rula nayo ina fitna zake. Kidonda kilicholika katikati, unaanzia kupima wapi? Na katika mfumo wa AJCC wa kupanga hatua za saratani, unaotumika tokea 2018, mistari ya kina imewekwa kwenye milimita 5 na 10, kwa hiyo uvimbe mdogo usiozidi sentimita 2, mmoja akipima 4.8 mwengine 5.3, tofauti ya nusu milimita tu lakini mgonjwa katoka T1, hatua ndogo ya uvimbe, kaingia T2, inayofuata.

Watafiti wanapima makubaliano haya kwa kitu kinaitwa kapa, alikitoa mwanasaikolojia Jacob Cohen mwaka 1960. Sifuri ni kubahatisha tu, 1 ni kukubaliana moja kwa moja. Kwa nini wasitumie asilimia tu? Kwa sababu asilimia inadanganya. Tuseme slaidi 90 kati ya 100 hazina mshipa ulioingiwa, basi daktari anayeandika "hakuna" zote bila hata kutazama atakubaliana na mwenzake mara 90, utasema hodari, kumbe zile 10 zenye hatari kazikosa zote.

Kwa hiyo ukipokea ripoti usiishie kwenye daraja. Angalia kina kimeandikwa kwa milimita, ukingo, yaani nyama nzuri iliyozunguka saratani, umeachwa milimita ngapi, mshipa wa fahamu umetajwa au haukutajwa. Kama kimojawapo hakipo, rudi ukaulize, ni haki yako. Na ukipewa rufaa kwenda Dar omba kibonge cha nta na slaidi uende navyo, karatasi peke yake haitoshi, huko watataka kuzisoma wenyewe. (Na mnaotafuna tambuu mkisema "mie situmii kuberi", yaani tumbaku, popoo peke yake inasababisha saratani ya kinywa. Kidonda kikipita wiki mbili njooni.)

Yule bwana nikamfungulia ripoti zote mbili. Kina milimita 7, zote. Mshipa umeingiwa, zote. Kina kikishapita milimita 4 hivi wapasuaji wengi hufikiria kuzitoa na tezi za shingo, hata kama hazijavimba, na daraja la pili au la tatu halibadilishi sana hapo. Akakunja karatasi zake, akauliza chakula gani mtu anaweza kula ulimi ukishakatwa.