Je, wajua kwa nini Nyerere alimkabidhi jeshi zima kijana wa miaka 30?

Mwaka 1964 ulipoanza, Mirisho Sarakikya alikuwa kapteni, kijana wa umri wa miaka 30 hivi aliyetoka Meru mkoani Arusha. Kapteni ni mtu wa kuongoza kombania moja. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa Brigedia na Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa Tanzania. Ilikuwaje?

Jibu linaanzia usiku wa kuamkia Januari 20, kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo tunaiita Lugalo. Askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi la wakati huo, waliasi. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu Uhuru, lakini wakubwa wao walikuwa bado Waingereza, kuanzia kamanda, Brigedia Patrick Sholto Douglas. Askari wa kawaida alilipwa shilingi 105 kwa mwezi. Walidai 260, na walitaka Waafrika wenzao wawe maofisa. Waliwakamata maofisa wa Kiingereza na kuwasafirisha hadi Nairobi. Waziri Oscar Kambona alikwenda kambini kuzungumza nao huku mitutu ikiwa imemzunguka. Siku iliyofuata, Tabora nayo ikaasi.

Mwalimu alilazimika kuomba msaada kwa Waingereza walewale, jambo lililomuuma sana. Alfajiri ya Januari 25, makomando wao walishuka Colito kwa helikopta kutoka meli ya Centaur, wakalipiga roketi jengo la walinzi, na uasi ukaisha. Jeshi likavunjwa.

Hapo ndipo umri wa Sarakikya unapoeleweka. Wakoloni hawakuwaandaa maofisa Waafrika. Katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, Mwafrika alipigana miaka na miaka bila kufika kwenye cheo cha ofisa kamili. Waliopitia chuo cha maofisa wa jeshi cha Sandhurst kule Uingereza walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na Sarakikya alikuwa mmoja wao. Hakukuwa na mzee wa kumtangulia.

Alichokabidhiwa kilikuwa karibu na sifuri. Kikosi kutoka Nigeria ndicho kilichoshika ulinzi wa nchi huku vijana wakifunzwa, wengi wao wakitoka Umoja wa Vijana wa TANU. Septemba 1, 1964 lilizaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Jina lenyewe lilibeba fundisho la Januari: askari sasa aliruhusiwa kuwa mwanachama wa TANU, akae na wananchi, asiwe mtu wa pembeni anayesubiri amri ya mgeni.

Kazi ya kamanda huyu ilikuwa ngumu kwa namna ambayo mara nyingi tunaisahau. Ujerumani Magharibi ilianza kusaidia jeshi la anga, kisha mwaka 1965 ikaondoa wataalamu wake kwa sababu Ujerumani Mashariki ilikuwa na uwakilishi Zanzibar. Wakaja Wakanada, wakafundisha hadi 1970. Wachina nao wakachukua nafasi kubwa. Fikiria jeshi changa linalobadilisha walimu, silaha na mbinu kila baada ya miaka michache, huku ng'ambo ya Mto Ruvuma Mreno akipigana na FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, ambao Tanzania iliwapa kambi za mafunzo. Kulishika jeshi kama hilo likabaki kitu kimoja, lisigeuze tena bunduki kwa serikali yake, ndiyo sifa yake kubwa kwangu, kuliko cheo chochote. Miaka hiyohiyo majeshi ya Ghana, Nigeria na Uganda yalikuwa yakipindua serikali.

Alishika uongozi kwa miaka kumi. Mwaka 1974 alimwachia Abdallah Twalipo, yeye akaenda kwenye uwaziri na baadaye ubalozi. Miaka minne baada ya hapo Idi Amin alivamia Kagera. Jeshi lililomfukuza, likaingia Kampala Aprili 1979, lilikuwa na makamanda wengi waliokulia chini ya Sarakikya.

Mwenyewe aliendelea kupanda mlima Kilimanjaro hata uzeeni, mara nyingi mno.