Uwindaji usio na msimu: maana yake kwa mfano wa koyote

Sheria nyingi za uwindaji hujengwa juu ya msimu. Mnyama huwindwa miezi fulani, kisha huachwa azae na kulea. Uwindaji usio na msimu ni pale sheria inapomtoa mnyama katika utaratibu huo: anaweza kuuawa Januari au Juni, awe dume au jike mwenye mimba, na hakuna idadi ambayo mwindaji akiifikia lazima aache. Kwa msomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, jambo hili ni geni kabisa. Marekani ni la kawaida, na mfano wake mkubwa ni koyote.

Koyote ni wa jamii ya mbwa, ndugu wa mbali wa bweha wetu, mwenye masikio yaliyosimama, pua nyembamba na mkia wa manyoya mengi. Wale wa magharibi huwa na kilo 9 hadi 16 hivi. Wa mashariki ni wakubwa zaidi, kwa sababu mababu zao walichanganyika na mbwa mwitu (wolf kwa Kiingereza) na mbwa wa kufugwa. Hula panya, sungura, matunda, mizoga na watoto wa kulungu, na wakipata nafasi hukamata kondoo na mbuzi. Ugomvi wao na binadamu ulianzia hapo kwenye kondoo.

Kila jimbo lina mamlaka yake ya wanyamapori, na mamlaka hiyo humpanga kila mnyama katika kundi. Kundi ndilo huamua karibu kila kitu kinachofuata: leseni, miezi, silaha, mitego, saa za kuwinda. Texas imemweka koyote nje ya wanyama wenye msimu, kwa hiyo anawindwa mwaka mzima bila kikomo cha idadi, na katika ardhi ya watu binafsi hata usiku. Mfugaji ambaye mifugo yake inashambuliwa hahitaji leseni kumuua. Utah ilikwenda mbali zaidi: kwa sheria ya mwaka 2012 iliyokusudiwa kuwalinda kulungu, jimbo lilianza kulipa dola 50 kwa kila koyote aliyeuawa. New York ni tofauti. Huko koyote yumo katika kundi la wanyama wanaowindwa kwa ajili ya manyoya yao, na ana msimu wake, kuanzia Oktoba 1 hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, na ndani ya Jiji la New York na Long Island haruhusiwi kuwindwa kabisa.

Hata ndani ya jimbo moja sheria inaweza kugawanyika. North Carolina haina msimu wa koyote, ila kaunti 5 za mashariki, yaani Beaufort, Dare, Hyde, Tyrrell na Washington, zina masharti yake: kibali maalumu, mchana tu, na kila koyote aliyeuawa lazima aripotiwe. Sababu ni mbwa mwitu mwekundu. Wachache mno waliosalia porini duniani wako hapo, na gizani mwindaji hawezi kumtofautisha na koyote.

Je, kuwinda bila msimu kunapunguza koyote? Historia inajibu hapana, na mimi naona jibu hilo halisikilizwi inavyopaswa. Karne mbili zilizopita koyote alikuwa mnyama wa nyanda na majangwa ya magharibi na Mexico. Serikali ya shirikisho imewaua kwa mpango rasmi kwa msingi wa sheria ya mwaka 1931, kwa risasi, mitego na sumu, hadi Rais Nixon alipozuia sumu hizo katika ardhi ya serikali mwaka 1972. Hadi leo idara yake ya Wildlife Services huua makumi ya maelfu kila mwaka. Mwaka 2021 walipita 60,000. Pamoja na hayo, koyote sasa yuko katika kila jimbo isipokuwa Hawaii, na ameenea kutoka Alaska hadi Panama.

Siri iko kwenye uzazi. Koyote huishi kwa eneo, na kwa kawaida jozi moja kuu ndiyo inayozaa humo, kwa wastani watoto 6 hivi kwa mzao. Eneo likipigwa sana, chakula huwatosha waliobaki, majike wadogo ambao wangesubiri huanza kuzaa, watoto wengi zaidi huishi, na vijana wanaozurura bila makao huja kujaza nafasi iliyoachwa. Mwaka 1975 watafiti Connolly na Longhurst wa Chuo Kikuu cha California walikokotoa kwamba ili kuwamaliza koyote wa eneo fulani ingebidi kuua asilimia 75 yao kila mwaka kwa takriban miaka 50. Anayewapunguza kweli ni mbwa mwitu. Waliporudishwa Yellowstone mwaka 1995, koyote wa sehemu ya kaskazini ya hifadhi walipungua karibu nusu katika miaka michache. Kwa hiyo kuwaangamiza mbwa mwitu karne iliyopita kulimfungulia koyote njia.

Hii haina maana kwamba mfugaji akae kimya. Kumwondoa koyote anayeua wanakondoo, muda mfupi kabla ya majira ya kuzaa, huokoa mifugo ya msimu huo, na haki hiyo ni ya msingi kwa mtu anayeishi kwa kundi lake. Lakini kulinda zizi na kupunguza koyote wa jimbo zima ni kazi mbili, na sheria nyingi zinazichanganya.

Kuna pia jambo ambalo watu hulielewa vibaya. California mwaka 2014, Vermont mwaka 2018 na New York kwa sheria ya mwaka 2023 zilipiga marufuku mashindano ya kuua koyote kwa zawadi. Uwindaji wenyewe haukufutwa. Aliyehamia mojawapo ya majimbo haya, au jimbo lingine lolote, asome kijitabu cha sheria za uwindaji cha mwaka huo, kisha aulize kanuni za mji wake, kwa kuwa jimbo linaweza kuruhusu koyote apigwe mwaka mzima huku mji ukikataza kufyatua bunduki ndani ya mipaka yake.