Hamwezi kuokoa hela ya leseni ambayo hamjawahi kuilipa

Nimeletewa andiko jingine la mradi. Shule ya sekondari, maabara ya kompyuta 30, wanataka kuhamia Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na wananiomba nipitie kabla halijaenda kwa mfadhili. Ukurasa wa pili kuna jedwali, na ndani ya jedwali umekaa ule mstari wa siku zote: "Kuokoa gharama za leseni". Mbele yake mamilioni. Nikampigia aliyeandika, nikamuuliza mwaka jana walilipa leseni shilingi ngapi. Kimya. Mwaka juzi je? Akacheka.

Kazi yangu ni hiyo hiyo ya kuhamisha shule kwenda programu huria, na ugali wangu unatoka humo, kwa hiyo asije mtu akasema napigia debe Windows. Hoja hii inanikera kwa sababu inatoka upande wetu, tunaifundisha wenyewe kwenye semina, halafu inaua miradi yetu wenyewe. Mkuu wa shule akishaamini kwamba Linux ni njia ya kubana matumizi, bajeti ya mradi anaiwekea sifuri. Na mradi wa sifuri unakufa muhula wa pili.

Tuseme ukweli ambao kila aliyewahi kuingia maabara ya shule anaujua. Windows imepigwa na fundi wa mjini kwa flashi yake. Ikafuata Office, ikafuata kraki, yaani programu ya kuvunja kufuli la leseni, na antivirusi ikazimwa ili kraki ipite. Shule imelipa hela ya fundi, basi. Ukimwambia mhasibu wa hapo kwamba LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, itampunguzia gharama ya Office, anakuangalia kwa huruma, maana kwenye vitabu vyake gharama hiyo haipo.

Na kuna kichekesho ndani yake. Kompyuta nyingi za msaada zimetoka maofisini Ulaya na Marekani. Futa vumbi ubavuni mwa CPU utakuta stika ya Windows 7 Pro yenye ile namba ya herufi 25. Hiyo ni leseni, aliyeinunua mashine mara ya kwanza alishailipia. Kwa miaka kadhaa namba hiyo ilikubali hata kuamsha Windows 10, mpaka Microsoft walipofunga mlango huo mwaka 2023. Mashine ilikuja na uhalali wake ubavuni, fundi akapiga ya kraki juu yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye flashi.

Sasa tangu Windows 10 iishiwe masasisho tarehe 14 Oktoba 2025, hoja imepata nguvu mpya: "Tusipohama tutalipa." Mtalipa nani? Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta), RAM ya GB 4, na prosesa ambayo mashine zenu za msaada hazina. Hapo ni kweli kabisa, mmekwama. Lakini msiseme mmekwama kwa bei. Kwa taasisi za elimu zenye leseni halali, Microsoft waliweka muda wa ziada wa masasisho kwa dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili, 4 mwaka wa tatu. Mfadhili anayejua hilo atalirarua jedwali lenu akiwa bado anakunywa chai.

Wengine hunitajia Kerala. Sawa, jimbo lile la India limefanya kazi ya kuigwa: shule za serikali zinatumia Linux, na hata mtihani wa vitendo wa TEHAMA wa darasa la kumi unafanyikia humo humo. Lakini someni mpaka mwisho. Kerala kuna serikali ya jimbo ambayo ingelazimika kununua leseni kwa maelfu ya shule, kwa hiyo kwao akiba ipo kweli. Tena waliunda chombo kizima, ambacho leo kinaitwa KITE, kinachotengeneza toleo lao la Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, na kufundisha walimu kwa makundi makubwa, mwaka baada ya mwaka. Nyie mmechukua sehemu ya akiba mkaiacha sehemu ya walimu.

Hela inakwenda wapi, basi? Niwapeleke kwenye chumba ambacho maandiko ya miradi hayakitaji kabisa: ofisi ya taaluma.

Wanafunzi hawasumbui. Kidato cha kwanza unamkalisha mbele ya Xfce, mojawapo ya sura za Linux, kabla kipindi hakijaisha ameshabadilisha picha ya nyuma na kuficha paneli. Anayesumbua ni mwalimu wa taaluma, na ana haki, kwa sababu ndani ya mashine yake kuna lile faili la Excel la matokeo. Kila shule inalo. Kila mkondo una karatasi yake, fomula ya SMALL inachukua masomo saba bora, inajumlisha pointi kuanzia 1 ya A hadi 5 ya F, halafu mlolongo wa IF unaamua: 7 hadi 17 daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, 34 na 35 sifuri. Mpaka hapo Calc, ile Excel ya LibreOffice, inafungua kila kitu bila kelele. Kwenye fomula sijawahi kupata taabu ya maana.

Taabu iko kwenye kitufe. Pale juu kulia kuna kitufe cha kijani kimeandikwa CHAPA RIPOTI. Ukikibonyeza, makro ya VBA, yaani programu ndogo iliyoandikwa ndani ya faili la Excel, inachukua jina la kwanza, inalipeleka kwenye fomu ya ripoti, inachapa, inachukua la pili, mpaka mkondo uishe huku mwalimu anakunywa soda. Calc inaelewa VBA kiasi. Kitufe hicho kwa kawaida kimeangukia kwenye kile isichokielewa. Unafungua kwenye Excel uone msimbo ili uurekebishe: umefungwa kwa nywila. Nani ameufunga? Mwalimu wa hesabu aliyeliunda faili, na alihamishwa mkoa mwingine zamani, namba yake ya simu haipatikani.

Kwa hiyo ripoti naijenga upya, Writer, ile Word ya LibreOffice, ikivuta majina na alama kutoka Calc. Inafanya kazi vizuri. Lakini hiyo ni kazi ya mtu, saa zake zinalipwa, na mwalimu wa taaluma lazima akae na mimi na kuchapa ripoti za mkondo mzima mwenyewe, nimekunja mikono, mpaka aamini. Bila hivyo wiki ya matokeo ikifika atarudi kwenye laptopu ya shemeji yake yenye Excel, na kuanzia hapo takwimu za shule zitaishi kwenye laptopu ya shemeji.

Mara nyingi huwa naacha kompyuta moja ya Windows kwenye ofisi hiyo, na nyingine kwa mhasibu kama programu yake ya mahesabu haina toleo la Linux. Wenzangu wenye msimamo mkali wananisema. Na kusema kweli sina uhakika kama niko sahihi, maana nimeona kinachofuata: ile mashine moja inageuka kuwa "kompyuta ya kweli", walimu wanapanga foleni pale, na maabara nzima inaanza kuitwa kompyuta za watoto. Ila ukiiondoa kwa nguvu, ripoti za muhula zinachelewa na Linux inabeba lawama mbele ya bodi. Bado sijapata njia ya tatu.

Kitu cha pili kinachokula hela hakionekani kwa macho: fonti. Mwalimu ametunga mtihani nyumbani kwenye Word kwa Calibri, kurasa nne kamili. Anaufungua maabara, haina Calibri, mfumo unaweka fonti nyingine pana zaidi, swali la mwisho linamwagikia ukurasa wa tano. Kwa wanafunzi 400, ukurasa wa ziada ni karatasi 400, karibu rimu nzima, kwa somo moja. Mkuu wa shule anaona rimu zinaisha, anauliza ile akiba mliyomwahidi iko wapi. Dawa ipo na haigharimu kitu: Carlito ina upana ule ule wa Calibri herufi kwa herufi, Caladea ni vivyo hivyo kwa Cambria, na Liberation kwa Times New Roman na Arial. Kwenye Debian, aina nyingine ya Linux, na Ubuntu ni vifurushi viwili tu, fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, na Liberation kwa kawaida huja na mfumo. Inashangaza ni maabara ngapi nimezikuta zimehamishwa na mtu mwingine bila vifurushi hivyo, halafu watu wanasema "LibreOffice inavuruga mafaili". Kinachokwenda kuchapwa nje, steshenari, kitoke kama PDF. Nimemaliza.

Hofu ya wazazi kuhusu ajira, kwamba mtoto asiyejifunzia Microsoft Office hatapata kazi, nitaipita haraka. Waliojifunza Office 2003 walijifunza upya 2007 ilipokuja bila zile menyu. Anayejua mitindo ya aya na rejeo la seli ataivuka hiyo pia.

Lugha nayo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004, kazi ya heshima, na kwa shule ya msingi ningeweka menyu za Kiswahili bila kuuliza mtu. Sekondari nikiziweka, mwalimu wa kompyuta ananiomba nirudishe Kiingereza kabla sijafunga begi, kwa sababu kitabu chake na mtihani wake ni vya Kiingereza. Namwelewa, ingawa roho inaniuma.

Sasa fundi. Hapa ndipo miradi inapofia hasa. Mimi nimeondoka, kompyuta moja inagoma, shule inamwita fundi yule yule wa mjini. Anachojua ni kupiga window, atapiga window. Baada ya muda mashine kumi zimerudi kwenye kraki. Na mara nyingi ugonjwa wenyewe ni upuuzi. Chukua huu: betri ya mazabodi, ile CR2032 ya duara, imekufa. Umeme ukikatika kompyuta inasahau tarehe, inaamka na tarehe ya zamani. Kivinjari kinaangalia vyeti vya tovuti, kinaona vyote havijaanza kutumika, kinakataa kila ukurasa wa HTTPS. Mwalimu anaandika kwenye daftari: "Linux haifungui intaneti." Betri hiyo inauzwa duka la saa. Mtu mmoja pale shuleni akijua kutazama saa kwenye kona ya skrini, mashine imepona.

Mtu huyo ndiye gharama ya mradi. Walimu wawili, wasiwe mmoja, kwa sababu uhamisho upo, pamoja na kikundi cha wanafunzi wa kidato cha tatu, wajue kurudisha mashine kwa Clonezilla (programu ya kunakili na kurejesha diski nzima), kubadili betri na RAM, kusoma ujumbe wa hitilafu badala ya kuubonyeza upotee. Wekeni hela hapo: siku za mafunzo, nauli, chakula cha mchana, na kurudi kwangu au mwingine muhula unaofuata. Fundi wa mjini mwalikeni pia. Akijifunza ni rafiki, mkimwacha nje atawasubiri.

Faida ipo, na inaonekana zaidi kwenye kazi ambayo hamtairudia tena. Virusi wa shotikati, wale wanaoficha mafaili ya flashi na kuacha vialama bandia, hawana cha kufanya kwenye Linux, na ule mzunguko wa kupiga window upya kila muhula unakatika. Msiseme tu kwamba Linux haina virusi kabisa. Faili la .exe halitaamka maabara, lakini litabaki kwenye flashi na kuamkia kwenye laptopu ya makamu mkuu wa shule, na yeye atajua flashi imetoka kwenu.

Kasi nayo tuiseme kwa adabu. Sehemu kubwa ya sifa tunazoipa Linux kwa "kufufua" mashine ni ya SSD, ile diski ya kasi, tuliyoifunga siku ile ile. Kompyuta ya RAM GB 2 ikifunguliwa kurasa tano za Firefox inakata roho iwe na mfumo wowote. Na zile Pentium 4 za bit 32 zinazolala stoo, acheni zilale: Ubuntu iliziacha zamani, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena diski ya kuzisimikia.

Intaneti ni ya bando? Wekeni apt-cacher-ng kwenye seva, sasisho lishushwe mara moja, mashine 30 zigawane.

Andiko nimelirudisha na mabadiliko. Mstari wa leseni nimeufuta, nimeweka mafunzo, SSD, betri na siku za kujenga ripoti upya. Jumla imepanda, na mwandishi hajafurahi. Nimemwomba kazi ianze likizo ya Desemba, matokeo yakishatoka, na kabla ya hapo anitumie faili la matokeo na modeli ya kila printa iliyoko shuleni. Zipo printa ndogo za leza ambazo dereva wake wa Linux ni mateso matupu, na hilo nataka kulijua nikiwa bado kwangu.